Koilova zimefanya gari langu liruke

*Naendesha Subaru Impreza kwenda kazini hapa Nairobi, na mara mojamoja nashiriki mbio za kushindana na saa. Nilifunga koilova (springi na shokomzoba zinazorekebishwa kimo), nikalishusha gari hadi mwisho. Sasa linaruka kwenye matuta na kugonga chini. Je, nimeuziwa mbovu?*
*Msomaji, Nairobi*

Huenda ni nzima. Kosa ni kimo. Gari likishuka mno, shokomzoba hukosa nafasi ya kujikunja, ikagonga mwisho wake. Tena mikono ya chini ya mbele ikiinuka kuelekea gurudumu, gari hulala zaidi kwenye kona: umelipia kupunguza mwendo!

Lipandishe, libaki milimita 25 hivi chini ya kimo cha kiwandani. Kama koilova ina kikombe cha chini kinachozungushwa, badilisha kimo hapo, si kwa kukaza springi. Springi za kilo 4 hadi 6 kwa milimita zinafaa matumizi yako. Za 10 waachie wanaokimbia uwanjani tu. Kisha legeza kabisa kirekebishi cha shokomzoba, kaza kliki mbilimbili mpaka gari litulie mara baada ya tuta. Alaimenti ni lazima kila ubadilishapo kimo.

Mafuta ya shokomzoba yakivuja, au kugonga huko kukiendelea, usiende mbioni kabla fundi wa sasipenshi hajalikagua gari.