KUPIGA PICHA MANDHARI NA MAJENGO YA KALE: MFANO WA MJI WA MOSTAR

Mostar ni mji wa kale katika nchi ya Bosnia na Herzegovina, upande wa kusini-mashariki wa Ulaya. Katikati yake hupita Mto Neretva, wenye maji ya rangi ya kijani, ukitoka kaskazini kwenda kusini kuelekea Bahari ya Adria. Jina la mji latokana na neno "mostari", maana yake walinzi wa daraja. Katika zama za utawala wa Waturuki, Sultani Suleiman aliamuru lijengwe daraja la mawe mahali pa lile la mbao. Fundi mkuu alikuwa Mimar Hayruddin, na kazi ilikwisha mwaka 1566. Ni tao moja tu, refu kwa karibu futi 95 kutoka ukingo hata ukingo, wala halina nguzo hata moja majini.

Daraja hilo lilisimama miaka 427. Tarehe 9 Novemba, 1993, wakati wa vita vya Bosnia, lilipigwa kwa mizinga ya majeshi ya Wakroati wa Bosnia, likaanguka mtoni. Vita vilipokwisha, wenyeji wakisaidiwa na mataifa mengine walilijenga upya kwa mawe ya aina ile ile, na likafunguliwa tarehe 23 Julai, 2004. Mafundi wangewezaje kujua umbo halisi la tao lililokwisha vunjika? Walitegemea michoro ya vipimo na picha zilizopigwa kabla ya vita. Basi yafaa kila mwenye kamera ajue kwamba picha njema ya jengo la kale si pambo la ukutani tu. Huenda siku moja ikawa ndiyo shahidi pekee aliyebaki.

Jambo la kwanza: Kulijua jua

Mtu aliyezoea jua la Afrika ya Mashariki, ambalo saa sita mchana huwa karibu na utosi, hana budi kujifunza upya afikapo Mostar. Huko saa sita mchana jua huwa upande wa kusini sikuzote, na wakati wa baridi huwa chini sana. Daraja limelala kutoka mashariki hata magharibi. Kwa hiyo uso wake wa kusini hupata nuru sehemu kubwa ya mchana, na uso wa kaskazini hukaa kivulini.

Wageni wengi hupiga picha kutoka ua wa Msikiti wa Koski Mehmed Pasha, uliojengwa katika karne ya 17 ukingoni, upande wa kaskazini wa daraja. Mahali hapo ni pazuri mno, lakini mchana mpiga picha huwa amelikabili jua. Tao hutoka jeusi, nazo mbingu hutoka nyeupe tupu. Afadhali aende huko jioni, jua likisha kutua na taa zikianza kuwashwa, au siku ya mawingu mepesi. Mchana na aende kusini ya daraja, alipige uso wake ulioangazwa. Nuru ya asubuhi au ya alasiri ni bora kupita ya saa sita, kwa sababu huja kwa ubavu na kuonyesha kila jiwe na kila kiungo.

Jambo la pili: Kupima nuru

Mawe ya Mostar ni ya chokaa, yenye rangi ya kupauka. Jua kali likiyapiga, hung'aa mno, nacho kivuli kilicho chini ya tao huwa cheusi. Kamera, au simu yenye kamera, ikiachwa ijipimie yenyewe huweza kudanganyika na giza lile, ikaongeza nuru kupita kiasi, na alama zote za patasi juu ya mawe zikapotea. Dawa yake ni kupima nuru juu ya mawe yaliyoangazwa, kisha kupunguza kidogo. Kivuli chaweza kutengenezwa baadaye, lakini mahali palipoungua kwa weupe hapana kitu cha kurudisha.

Jambo la tatu: Kuinyosha mistari

Kosa la wanafunzi wengi ni kuinua kamera juu ili mnara wote uingie pichani. Hapo kuta huonekana zimelalia nyuma, kana kwamba jengo lataka kuanguka. Kamera na ishikwe wima, sawasawa na ukuta. Ikiwa ncha ya mnara haionekani, mpiga picha na arudi nyuma, au avuke mto apige kutoka ng'ambo. Huo ndio ukarimu wa mto: hauna nyumba juu yake, na humpa mpiga picha nafasi ambayo vichochoro humnyima.

Jambo la nne: Watu wa mahali

Daraja lisilo na mtu halina kipimo. Mtu mmoja akipita juu yake, mara mtazamaji hufahamu ukubwa wa tao lote. Wakati wa kiangazi vijana wa Mostar hufuata desturi ya kale ya kuruka mtoni kutoka juu ya daraja, kimo cha zaidi ya futi 60. Mruko hauchukui zaidi ya sekunde 2 hivi. Kwa hiyo kamera sharti iwe tayari, imewekwa kwenye mwendo wa 1/500 ya sekunde au upesi zaidi, na kidole kibonyeze mara miguu iachapo jiwe. Vijana hao huchanga fedha kwa watazamaji kabla ya kuruka. Si adabu kuchukua picha na kuondoka bila kutoa kitu.

Vivyo hivyo, msikitini na katika karakana za mafundi wa shaba mgeni na aombe ruhusa kwanza. Mjini yako makaburi mengi ambayo mawe yake yana mwaka mmoja tu wa kufa, 1993. Jamaa za waliolala hapo wangali hai. Mtu akiwaona wamekuja kuzuru, kamera na ishuke.

Jambo la tano: Picha ya ushahidi

Baada ya picha za uzuri, mpiga picha na apige chache za kazi: jengo likikabiliwa moja kwa moja, kila upande; pembe zake; milango, viungo vya mawe na nyufa. Katika kila moja na aweke kitu chenye kipimo kijulikanacho, kama fimbo ya futi 3. Kisha aandike tarehe, mahali aliposimama na upande alioelekea, na picha azihifadhi mahali pawili mbalimbali.

Mafunzo haya hayakuhusu Mostar peke yake. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Mostar mwaka 2005. Lamu umeelekea mashariki, ng'ambo ya Manda. Kwa hiyo nyumba zake za pwani huangazwa vema asubuhi, na alasiri huingia kivulini. Si vita tu viangushavyo majengo. Mvua, chumvi na kutojali huyaangusha pia, polepole, pasipo mshindo. Mwenye kamera asingoje hata ufa utokee. Picha iliyojenga upya daraja la Mostar ilipigwa siku ambayo daraja lilikuwa zima, na hakuna aliyedhani kwamba laweza kuanguka.