Roketi ya Karatasi: Somo la Sayansi Lisilohitaji Maabara

Mwanafunzi anaweza kukariri maana ya kani, akaiandika bila kosa katika mtihani, na bado asijue namna ya kuthibitisha jambo dogo kwa mikono yake. Upungufu huo hauondolewi na jengo la maabara peke yake. Karatasi, mrija wa soda na saa moja uwanjani vyatosha kumwonesha mtoto jinsi sayansi inavyofanya kazi, shuleni au nyumbani.

Vifaa na utengenezaji

Vinahitajika karatasi ya daftari, penseli, mrija, mkasi, selotepu, rula na futikamba. Ukatwe ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 14 na upana wa sentimita 5. Uviringishwe juu ya penseli iliyo nene kidogo kuliko mrija, kisha ubandikwe usifunguke. Ncha moja ikunjwe na kuzibwa kabisa, kwani hewa ikivuja hapo roketi haitafika mbali. Mapezi matatu yaliyo sawa yabandikwe karibu na mwisho ulio wazi. Penseli itolewe, mrija uingizwe, kisha mwanafunzi apulize kwa nguvu.

Kinachoirusha

Pumzi iliyobanwa ndani ya karatasi huongeza kanieneo, nayo husukuma ncha iliyozibwa. Mapezi hushikwa na hewa upande wa nyuma, hivyo ncha hubaki mbele. Bila mapezi, roketi hupinduka na kuanguka karibu.

Roketi halisi haitegemei pumzi ya mtu. Hubeba mafuta yake na kutoa gesi nyuma kwa kasi kubwa, nayo gesi huisukuma mbele, kama inavyoeleza sheria ya tatu ya mwendo ya Isaac Newton, iliyochapishwa mwaka 1687. Kwa kanuni hiyo, tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi nchini Kenya, ilipeleka angani setilaiti iliyopewa jina la Uhuru.

Changamoto ya darasa

Swali ni hili: je, roketi ndefu huenda mbali kuliko fupi? Kila kundi litengeneze roketi tatu, zenye urefu wa sentimita 8, 11 na 14, na kuandika matarajio yake kabla ya kurusha. Mapezi, mrija, mwelekeo na mpulizaji visibadilike. Kila roketi irushwe mara 3, umbali upimwe na wastani utafutwe. Zikipatikana mita 4, 5 na 6, wastani ni mita 5. Kurusha mara moja hakutoshi, kwa kuwa pumzi haiwi sawa kila mara na upepo hubadilika.

Kundi likibadilisha urefu na mapezi kwa pamoja, halitajua kipi kimeleta tofauti. Hapo ndipo penye kiini cha somo. Mkulima anayeanza mbegu mpya na mbolea mpya msimu mmoja katika shamba lote hukutana na fumbo lilelile: mavuno yakiongezeka, hajui ni kwa sababu ya mbegu au mbolea. Mtoto aliyezoea kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja atalifumbua fumbo hilo akiwa mtu mzima.

Tahadhari

Kila mtoto atumie mrija wake mwenyewe. Wote wasimame nyuma ya mstari, na roketi isielekezwe kamwe usoni mwa mtu, kwani ncha yake yaweza kuumiza jicho. Nguvu itumikayo ni pumzi pekee. Baruti, spiriti na petroli ni marufuku.

Wazazi na walezi wanaweza kusaidia kwa kutunza karatasi zilizotumika upande mmoja, na kwa kumwuliza mtoto anaporejea na matokeo yake: "Umejuaje?"