Fedha za Julai, Mvua za Oktoba

Andiko lako la utafiti wa maji limepita. Hongera. Sasa kabla hujaitisha kikao cha kwanza, tafuta kalenda ya ukutani na kalamu mbili za rangi.

Kwa kalamu nyekundu, weka alama za mwaka wa fedha wa Serikali: unaanza Julai 1, unafungwa Juni 30, katikati kuna robo nne. Kwa kalamu ya bluu, chora mvua. Vuli, Oktoba hadi Desemba. Masika, Machi hadi Mei. Kama mradi wako uko Dodoma, Mbeya au Songea, futa hizo mbili, uchore mkanda mmoja kutoka Novemba hadi Aprili.

Rudi nyuma hatua mbili, uitazame kalenda. Hapo ndipo mradi wa utafiti wa maji unapokwama, mara nyingi kuliko kwenye sayansi yenyewe. Bunge linapitisha bajeti Juni, fedha zinaanza kutembea baada ya Julai, na zinaweza kukufikia vuli imeshanyesha ikaisha. Unabaki na masika. Masika ikikatika Mei, mhasibu yuko mlangoni na karatasi za kufunga mwaka.

Nazungumzia Tanzania, ambako fedha za utafiti za Serikali hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na mfuko wake wa MTUSATE, au bajeti ya taasisi yako mwenyewe. Kama uko Kenya au Uganda, Julai yenu ni hii hii. Badilisha tu majina ya ofisi.

Gawa kazi zako mafungu mawili: inayosubiri na isiyosubiri. Kupima floraidi kwenye visima virefu vya Arusha au Manyara kunaweza kusubiri wiki sita, na dunia isiharibike. Kujaribu maabara mkaa wa mifupa wa kuondolea floraidi, vilevile. Lakini mto uliofurika hausubiri saini ya mtu. Na ukame nao hausubiri. Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unaweza kukauka wakati akaunti yako nayo imekauka. Kazi isiyosubiri ndiyo ya kwanza kupewa fedha, hata kama kwenye andiko uliiweka ukurasa wa mwisho.

Wiki ya kwanza, nenda kwa mhasibu. Usimtume mtu, nenda wewe. Muulize mambo matatu. Fedha zimekaa kwenye akaunti ya amana au kwenye kasma (vifungu vya bajeti) za kawaida? Zisipotumika hadi Juni 30, zinabaki au zinarudi Hazina? Kama zinarudi, kibali cha kuendelea nazo kinaombwa lini na nani? Majibu yaandike nyuma ya ile kalenda.

Kisha kaeni pamoja mtafsiri bajeti ya andiko. Wewe uliandika “gharama za uwandani.” Yeye hana kasma ya uwandani. Ana dizeli, posho ya kujikimu, matengenezo ya gari, vifaa vya maabara, vibarua. Vunja kila mstari wako mpaka kila shilingi ipate kifungu chake. Ni kazi ya nusu siku na inachosha. Ukiiruka, utaifanya Februari ukiwa na hasira.

Ununuzi ndio unaokula muda kuliko kitu chochote. Tangu 2023 ununuzi wa umma unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na kifaa ambacho hakimo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka hakinunuliwi kirahisi. Kwa hiyo peleka mahitaji yako kwa watu wa ugavi wakati mpango unaandaliwa, kabla ya Julai, hata kama barua ya ufadhili bado ipo njiani. Kuondoa kitu kwenye mpango ni rahisi kuliko kukichomeka.

Vigezo vya kiufundi andika wewe. Afisa ugavi si mtaalamu wa maji, na mzabuni ataleta cha bei ya chini kinachotimiza maneno yaliyoandikwa. Ukiandika “mita ya pH,” utaletewa mita ya pH. Elektrodi ya akiba haimo, myeyusho wa kurekebishia wa pH 4, 7 na 10 haumo, na waya una urefu wa mita moja wakati kisima chako kina mita 40. Taja kiwango cha kupima, urefu wa waya, vipuri, dhamana na siku moja ya mafunzo. Jina la kampuni usitaje. Taja sifa, inatosha.

Vitendanishi ni habari nyingine. Andika kwenye zabuni kwamba vikifika viwe vimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, na viletwe kwa awamu mbili. Mwaka mmoja tulipokea vitendanishi vya mradi mzima kwa siku moja, vyote vimebakiza miezi minne. Kwenye leja ya stoo kila kitu kilikuwa sahihi. Robo tatu yake tuliteketeza.

Maabara nayo ipatie nafasi kwenye bajeti kwa kuangalia saa, siyo bei ya kipimo peke yake. Sampuli ya bakteria wa kinyesi, ikiwa kwenye barafu, ianze kupimwa ndani ya saa 24, na ndani ya saa 6 ni bora zaidi. Naitreti isiyotiwa dawa, siku mbili kwenye baridi. Ya floraidi inastahimili wiki kadhaa, ila iweke kwenye chupa ya plastiki, siyo ya kioo. Maana yake ni kwamba sampuli ya bakteria ya Mpanda haiwezi kupanda basi hadi Dar es Salaam ikafika ikiwa na faida. Ama unalipia maabara ya karibu, ama unanunua vifaa vya kupimia huko huko. Amua sasa, kwa sababu hizo ni kasma mbili tofauti.

Sasa tuje kwa mtu anayesahaulika kuliko wote: msoma kipimo. Ni mkazi wa karibu na mto. Asubuhi na jioni anatazama ubao wa vipimo, anaandika kina cha maji kwenye daftari. Malipo yake ni madogo sana, na kwa kuwa ni madogo, ndiyo yanayokatwa kwanza fedha zikichelewa.

Usimkate. Miezi mitatu bila malipo, atafanya moja kati ya mawili: ataacha, au atajaza daftari akiwa nyumbani. La pili ndilo baya. Daftari linaloonyesha mita 1.20 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, limekula mwaka wako mzima na wewe hujui. Malipo yake yatenge mwanzoni, ya mwaka wote. Uliza kama taasisi inaruhusu kumlipa kwa simu. Mwombe apige picha ya ubao kila Jumatatu, umlipie bando. Na kabla hujamtafuta, uliza Bodi ya Maji ya Bonde kama pale tayari kuna mtu wao. Mabonde yapo tisa, kila moja na bodi yake, na hakuna sababu ya kuwa na wasomaji wawili kwenye ubao mmoja.

Ukiwa kwenye ofisi ya bonde, omba takwimu zao za zamani kwa barua rasmi. Za mvua omba Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), na tenga fedha za kuzilipia. Data zako zikikamilika, wapelekee nakala. Watakukumbuka.

Mto ukijaa, unatakiwa uwe pale na kifaa cha kupima mtiririko. Bila vipimo vya mto uliojaa, namba zako za mafuriko ni za kukisia. Kwa hiyo andaa safari ya dharura mapema. Ombi la safari liwe limeshaandikwa na mkuu wa idara amelikubali, dereva anajua, dizeli imetengwa. Kinachobaki ni tarehe. Simu ya msoma kipimo ikilia usiku, asubuhi mnaondoka.

Masurufu, yaani fedha unazopewa kabla ya safari. Hapa watafiti wazuri kabisa huchafuka. Ukirudi safari, rejesha ndani ya wiki mbili, hata kama umechoka. Masurufu ya zamani yasiporejeshwa, mapya hayatoki, na safari ya masika inafia mezani.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kila unaponunua. Ipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi ile hufifia, na ukiiacha kwenye dashibodi ya gari juani itarudi ofisini ikiwa nyeupe pe. Kwa mwenye mtumbwi, mbeba vifaa au mlinzi wa kisima asiye na mashine, tumia orodha ya malipo: jina, kazi, kiasi, saini au dole gumba, na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Fomu hiyo ichukue kwa mhasibu kabla ya kuondoka, usiitunge porini.

Hakikisha siku za posho, kitabu cha safari za gari na daftari la uwandani vinakubaliana. Mkaguzi huviweka vitatu hivyo pamoja. Posho ya siku saba na gari lililorudi siku ya tano ni hoja ya ukaguzi, na hoja ikishaandikwa kuifunga ni kazi ya miezi.

Kila kifaa kikifika, kiingie kwenye daftari la mali, kipewe namba, na mwenye kukishika asaini. Hata mita ndogo ya mfukoni. Hizo ndizo zinazopotea.

Taarifa ya robo mwaka iandike kwa ukweli. Fedha zilichelewa? Andika zilifika tarehe gani na ni kipimo gani kilikosekana. Unataka kuhamisha fedha kutoka semina kwenda dizeli? Omba kwa maandishi kabla ya kutumia. Kuomba baada ya kutumia si kuomba tena, ni kujieleza.

Aprili, kaa na mhasibu mara ya pili. Bakaa ni kiasi gani, zabuni zipi hazijafika, na ombi la kibali cha kuendelea na fedha limekwenda? Usiingie Juni unanunua kompyuta mpakato ili kumaliza fedha. Kama kuna bakaa halali, lipa vipimo vya maabara vilivyokwisha kufanyika, peleka mita kurekebishwa, nunua chupa za sampuli.

Vitabu vikishafungwa, vifaa visirudi stoo kulala. Julai na Agosti safisha ubao wa vipimo, badilisha betri, mtembelee msoma kipimo wako uone daftari kwa macho yako. Halafu toa kalenda ya zamani ukutani, uweke mpya, uanze na kalamu ya bluu.