Hati Zako Zalindwa na Nani?

Siku hizi si ajabu mzazi kutakiwa na shule apeleke cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake kwa njia ya mtandao. Mgonjwa hupata majibu ya vipimo vyake kwa njia hiyo hiyo, mwajiriwa huisoma humo hati ya mshahara wake, na mwenye kuomba mkopo hupeleka picha ya kitambulisho na hati ya kiwanja. Jambo hili lina faida kubwa, wala hatukusudii kulilaumu. Lakini hati hizo zikisha kupokewa, zawekwa wapi, na ni nani azilindaye? Wengi hujibu upesi, "Zalindwa kwa neno la siri." Jibu hilo mara nyingi ni nusu tu ya ukweli, na leo twataka kuieleza nusu ya pili.

Tutwae mfano wa masanduku ya posta. Kila sanduku lina namba yake, na namba zafuatana. Anayejua kwamba sanduku la jirani ni 412 hapati kitu kwa kuijua namba hiyo, maana kila sanduku lina kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa mwenyewe. Sasa tudhani kwamba mkuu wa posta ameweka askari hodari katika lango kubwa, amwulizaye kila mtu jina lake, lakini masanduku yenyewe, yaliyo ukutani upande wa barabara, hayana kufuli hata moja. Mpita njia aweza kulifungua la 412, kisha la 413, kisha la 414, bila kuonana na askari yule. Tovuti nyingi zimejengwa hivyo.

Maana kila faili katika mtandao ina anwani yake. Ukibonyeza mahali palipoandikwa "pakua", simu yako hupeleka ombi kwa kompyuta ya ofisi ile, iitwayo seva, na ombi hilo husema hivi tu: nipe faili iliyo katika anwani fulani. Seva haina macho. Haikukumbuki kama mwenye nyumba amkumbukavyo mgeni aliyekwisha kumkaribisha sebuleni. Kwake kila ombi ni mtu mpya abishaye hodi. Kama mwandishi wa programu hakuiamuru iulize, "Wewe ni nani?" kwa kila ombi, haitauliza. Itatoa faili tu.

Twaweza kushangaa jinsi fundi aliyesoma anavyolisahau jambo hili. Kwa kweli si uvivu siku zote. Yeye huwaza kwa kurasa: aweka askari katika ukurasa wenye orodha ya hati, aona kwamba asiyejitambulisha haioni orodha, naye aridhika. Kumbe hati zenyewe ziko katika folda iliyo wazi, na seva yazitoa moja kwa moja bila kuipitia programu yake. Kificho cha orodha si ulinzi wa hati.

Kuna na kosa la pili, nalo ni gumu zaidi kulitambua. Hapo seva huuliza jina, lakini haiulizi kama faili inayotakiwa ni mali ya mwenye jina hilo. Juma ajitambulisha kwa haki kabisa, kisha aomba hati ya Maria, naye apewa. Kujua mtu ni nani ni jambo moja. Kujua ana ruhusa ya kitu gani ni jambo jingine. Jumuiya ya wataalamu iitwayo OWASP, ambayo huorodhesha hatari kubwa za programu za mtandao, iliweka udhaifu wa namna hii katika nafasi ya tano mwaka 2017, na katika orodha ya 2021 ikaupandisha mpaka nafasi ya kwanza.

Msomaji asidhani twasimulia mambo ya kubuni. Huko Marekani iko kampuni iitwayo First American, inayotoa bima ya hatimiliki kwa wanunuzi wa nyumba. Mwezi wa Mei 2019, mwandishi wa habari Brian Krebs alitangaza kwamba tovuti ya kampuni hiyo imeacha wazi hati zipatazo milioni 885, za tangu mwaka 2003. Humo mlikuwa na namba za akaunti za benki, taarifa za kodi, risiti za kutuma fedha, na picha za leseni za udereva. Ufundi wa kuziona haukuhitaji ujuzi wowote. Aliyepewa anwani ya hati yake aliweza kubadilisha tarakimu moja katika anwani, na hati ya mtu mwingine ikafunguka, bila kuulizwa jina wala neno la siri.

Linalotusikitisha zaidi ni hili. Kosa hilo lilikuwamo tangu 2014, na wapimaji wa kampuni yenyewe walikuwa wameligundua miezi kadhaa kabla ya habari kutoka. Ripoti iliandikwa. Lakini hatari ilihesabiwa kuwa ndogo kuliko ilivyo, kosa halikutengenezwa kwa wakati, na wakubwa waliosimama kuwajibu waandishi wa habari mwezi ule wa Mei hawakuwa wameambiwa kwamba ripoti ipo. Mwaka 2021 tume ya serikali isimamiayo masoko ya mitaji iliitoza kampuni dola 487,616, na mwaka 2023 idara ya fedha ya jimbo la New York iliitoza dola milioni moja. Ukizigawanya fedha hizo kwa hati milioni 885, hupati hata senti moja kwa kila hati.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuachana na namba zinazofuatana, na kuipa kila faili jina refu lisilokisika. Si shauri baya, lakini halitoshi. Anwani ndefu hutumwa kwa rafiki, hubaki katika kumbukumbu za kompyuta ya duka la mtandao, na pengine hukusanywa na mitambo ya kutafuta habari. Njia iliyofichwa majanini bado ni njia.

Kisa cha Kanada chatuletea swali jingine: mwenye kosa ni nani? Jimbo la Nova Scotia lilikuwa na tovuti ya kutolea majibu kwa watu walioomba habari za serikali. Majibu mengine yalikuwa ya wazi kwa wote. Mengine yalikuwa na siri za watu binafsi. Na yote yalikaa ghala moja, kwa namba zilizofuatana. Mwaka 2018 kijana wa miaka 19 alipakua hati zipatazo 7,000 kwa kubadilisha namba katika anwani, na kama 250 kati yake zilikuwa na habari za siri. Polisi waliingia nyumbani kwao, wakamkamata. Yeye alisema alidhani kwamba zote ni hati za umma. Mwezi wa Mei mwaka ule ule polisi walitangaza kwamba hawatamshtaki, na mwanzoni mwa 2019 wakaguzi wa jimbo waliilaumu serikali yenyewe kwa kutoikagua tovuti ipasavyo kabla ya kuifungua. Sisi twaona walisema haki. Hata hivyo, anayejua wazi kwamba hati ni ya mwingine, naye aendelea kuzifungua moja moja kwa udadisi, hawezi kujitetea kwa kusema mlango ulikuwa wazi.

Kazi ya mafundi yajulikana, wala haina gharama kubwa. Faili zitolewe katika folda ya wazi. Kila ombi lipitie kwa programu iulizayo maswali yote mawili, la jina na la ruhusa. Pasipo jibu, faili isitolewe. Kisha iandikwe katika daftari la mashine nani alichukua nini na saa ngapi, maana pasipo daftari hilo ofisi haiwezi kuwaambia watu kama hati zao zilisomwa au la.

Nasi tusio mafundi twaweza kufanya jaribio moja la halali, kwa hati zetu wenyewe. Fungua hati yako, nakili anwani yake, kisha toka kabisa katika tovuti. Ukitumia simu nyingine ambayo haijajitambulisha, iandike anwani ile. Kama wadaiwa jina na neno la siri, vema, ingawa kosa la pili bado laweza kuwamo. Kama hati yafunguka mara moja, basi yaweza kufunguka kwa kila mtu. Usijaribu namba ya jirani. Andika siku na saa, peleka habari kwa ofisi husika kwa maandishi, na udai jibu. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake hupokea malalamiko ya wananchi. Ofisi ikinyamaza, barua ya pili ipelekwe huko, pamoja na nakala ya ile ya kwanza.