Mnunuzi wa nje asiyejulikana BRELA

Wakili wa mashauri ya madai anajibu maswali ya wakulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, wilayani Same.

Kampuni ya Kenya ilichukua tangawizi yetu kwa mali kauli, na haimo kwenye daftari la BRELA, wakala wa usajili wa makampuni. Je, mkataba wetu umekufa?

Haujafa, ishtakini. Doa la usajili peke yake haliui mkataba. Hata kasoro kubwa kuliko hiyo haikuua mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond wa mwaka 2006: kamati ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe iliikuta haina uwezo wa kuzalisha umeme, lakini mkataba ulikwisha kuhamia kampuni ya Dowans, na mwaka 2010 wasuluhishi wa kimataifa waliliamuru shirika la umeme, TANESCO, liilipe Dowans.

Tena, kampuni ya nje hulazimika kujiandikisha pale tu inapofungua mahali pa biashara nchini, na lori linalopakia na kuondoka halihesabiwi kuwa mahali pa biashara. Kampuni ikikodi ghala Same mjini na kuweka meneja, Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, inaipa siku 30 kujiandikisha na kumtaja mkazi wa Tanzania atakayepokea hati za mahakama. Isipofanya hivyo, hutozwa faini. Faini hiyo haiwarudishii ninyi hata shilingi, na wa kukabidhiwa wito hayupo.

Mahakama itaibanaje?

Wahini. Mkionyesha kwa kiapo kwamba inahamisha mali ili ikwepe hukumu, ombeni mali hiyo ikamatwe kabla kesi haijaisha. Nalisisitiza hili kuliko yote, maana mzigo ukishapita mpaka wa Holili, kilichobaki mkononi ni karatasi. Kampuni ikikaidi amri ya kutoa nyaraka, utetezi wake unaweza kufutwa, na kesi ikasikilizwa kana kwamba haikujitetea.

Na ikitushtaki yenyewe?

Ombeni iweke dhamana ya gharama, chini ya Amri ya 25 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Inamhusu mdai anayeishi nje, asiye na mali isiyohamishika ya kutosha nchini. Muda ukipita bila dhamana, kesi hufutwa. Wadaiwa wengi wana haki hii na hawaitumii, inaniuma.

Hukumu itafika Nairobi?

Ya Mahakama Kuu yetu, ndiyo. Kenya huiandikisha ikiombwa ndani ya miaka 6.

Msimu ujao tufanyeje?

Fanyeni upekuzi BRELA kabla ya kusaini. Mkataba umtaje mtu wa kupokea wito hapa nchini, na mzigo usishuke mlimani kabla ya malipo ya awali kuingia kwenye akaunti ya AMCOS, chama chenu cha ushirika.