Karamu ya Idi na Maradhi ya Takalufu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wasomaji, darasa yetu ya mara hii ni juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Nalo ni dhiki ya moyo inayowashika watu wa mji wetu kila zikaribiapo siku za Idi, kwa ajili ya karamu. Lakini mwenye kupita Kibokoni au Kuze katika kumi la mwisho la Ramadhani, akatazama kwa mazingatio, ataona kuwa si dogo. Zile nyusiku ambazo hutarajiwa ndani yake Lailatul Kadri zimekuwa nyusiku za maduka. Baba anahesabu vidoleni kodi ya nyumba, nguo za watoto na nyama ya pilau, na hesabu haimtimilii. Mama yu jikoni na vileja na mkate wa sinia mpaka wakati wa daku. Nyumba nzima ina wahka. Watoto hawasemezeki, wala wazee wao hawasemezani. Basi twauliza: siku aliyoiweka Mwenyezi Mungu iwe ya furaha imegeukaje kuwa mzigo?

Kwanza yapasa ifahamike kuwa hatuji kuharamisha furaha. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Sayyidna Abubakar aliingia nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, akakuta vijana wa kike wawili wakiimba, akawakemea, na Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache, kwani kila watu wana sikukuu yao, na hiyo ndiyo yetu. Kulisha watu ni ibada, na kumkirimu mgeni ni katika imani. Tunachokikataa ni kile kilichoongezwa juu ya karamu hata kikaimeza, nacho ni takalufu.

Takalufu ni mtu kujibebesha asichokiweza, au kujilazimisha asicholazimishwa. Bukhari amepokea kuwa Sayyidna Umar alisema kuwa wao walikatazwa jambo hilo. Na tutazame karamu za wale tunaodai kuwafuata. Nabii Ibrahim (A.S.) walipomjia wageni, aliondoka polepole akaenda kwa watu wake, akaleta ndama aliyekuwa naye, hakwenda kukopa kwa jirani, wala hakuwatangazia wageni anayoyatengeneza. Mtume wetu alipomuoa Bibi Safiyya, njiani watokapo Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, walima yake haikuwa na mkate wala nyama. Ilikuwa tende, maziwa yaliyokaushwa na samli, vikawekwa juu ya ngozi zilizotandikwa chini, watu wakala. Na Abdurrahman bin Auf alipooa, Mtume alimwamrisha afanye walima ijapokuwa kwa mbuzi mmoja. Hakuna hata mmoja katika hao aliyepungukiwa na heshima.

Basi mzigo wetu hautoki katika chakula, wala hautoki kwa wageni. Watoka katika macho ya watu. Mtu hupika sufuria ya pili si kwa kuwa ya kwanza haitoshi, bali kwa kuogopa neno litakalosemwa. Na mwenye kupikia macho hashibishi, maana jicho halina tumbo likajaa.

Maradhi haya si mapya mjini kwetu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa ngoma, mavazi na karamu, hata mali ya watu ikateketea ili chama kisionekane kimeshindwa. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, hakuacha kuwaonya watu juu ya israfu mpaka alipofariki mwaka 1947. Leo mashindano yale ya lelemama yamekwisha, lakini ushindani umehamia penginepo: katika ukumbi wa kukodi, katika sare za harusi, na katika picha za sinia zinazopelekwa kwa simu hata kabla watu hawajasema Bismillahi. Jina limebadilika, na maradhi ni yale yale.

Na madhara yake ya kwanza huwashukia wanawake. Hapa sina budi kujitolea ushahidi nafsi yangu. Idi moja nilitoka katika sala, moyo umenikunjuka, nikawaalika watu nyumbani mmoja baada ya mmoja, nikahisabu kuwa huo ni ukarimu. Nilipofika nilimkuta mwenye nyumba yangu ameketi juu ya mbuzi, nazi mkononi, na macho mekundu. Hakuwa amelala, wala hakuwa ameisali Idi. Nilipomwambia idadi ya wageni hakunijibu neno. Aliinama akaendelea kukuna. Siku ile nilifahamu kuwa ukarimu wangu niliutoa katika mgongo wa mtu mwingine, na thawabu nikataka niandikiwe mimi.

Hali ya kuwa Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Bibi Ummu Atiyya katika hadithi ya Bukhari na Muslim, aliamrisha wanawake watolewe kwenda kwenye Idi, hata wasichana wa ndani, hata walio katika hedhi, ili wahudhurie kheri na dua, ila hao wenye hedhi wajitenge na mahali pa kusalia. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kazi ya watu wake, hata ukifika wakati wa sala akatoka. Basi ni nani kati yetu aliye bora kuliko Mtume, hata ikawa jiko ni aibu kwake?

Madhara ya pili ni deni. Karamu huliwa kwa saa moja na kulipwa kwa miezi. Wako wanaoweka rahani dhahabu za wake zao, na wako wanaochukua mikopo ya simuni yenye nyongeza, wakafunga mwezi mzima kwa ajili ya Mungu kisha wakafungua kwa riba. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mungu na deni ndani ya sala yake, akaulizwa sababu, akaeleza kuwa mtu akiingia katika deni husema akasema uwongo, na huahidi akavunja ahadi. Wazee wetu nao wametwambia: jikune ujipatapo.

Na mgeni pia ana sehemu yake. Katika walima ya Bibi Zainab watu walikula, kisha wengine wakaketi wakizungumza. Mtume akatoka na kurudi akawakuta wangali wameketi, na haya zikamzuia kuwaondoa. Ndipo ikateremka aya ya 53 ya Suratul Ahzab, kuwafundisha waumini kuwa wakisha kula watawanyike. Tazameni: taabu ya mwenye karamu ni jambo lililoteremshiwa Kurani. Basi mwenye kualikwa asichelewe, asilete watu wasioalikwa bila ya idhini, asikitie kasoro chakula, wala asiondoke kwenda kulinganisha nyumba hii na ile.

Ama dawa, twaitaja kwa mambo sita mepesi:

1. Mume na mke wakae pamoja tangu Shaabani waandike kilichopo, na karamu ipimwe kwa kilichopo. Zaka ya fitri itengwe mwanzo, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, nayo itolewe kabla ya sala ya Idi. Kwani hiyo ndiyo karamu ya faradhi, na pilau letu ni la hiari.

2. Asialikwe mtu mpaka mwenye kupika ameulizwa. Idadi ifuate sufuria, si sufuria ifuate idadi.

3. Vitu vinavyokaa, kama vileja, vifanywe kabla ya kumi la mwisho. Na visivyowahi viachwe. Haijapata kubatilika Idi kwa kukosa kileja.

4. Jamaa wagawane: nyumba hii pilau, nyumba hii mahamri na mbaazi, nyumba hii kahawa na halua. Wanaume na vijana wachukue soko, maji, kuosha vyombo na kutandika.

5. Asubuhi ya Idi moto uzimwe kwa muda, watu wote wa nyumba waende kusali. Chakula kikichelewa saa moja hakuna atakayekufa.

6. Sinia moja itoke kwenda kwa maskini kabla ya mgeni wa kwanza kuketi. Mtume amekishutumu chakula cha walima wanachoalikwa matajiri na kuachwa mafakiri.

Huenda mtu akasema: nikipunguza, watu watanicheka. Twamjibu: watacheka Idi moja, na ya pili watakuiga, kwa kuwa hao wanaocheka nao wameelemewa, wangojea tu mtu wa kuanza. Alhamdulillahi, sisi nyumbani kwetu tulianza Idi iliyofuata. Tulikuwa watu wachache, chakula cha aina moja, na mwenye nyumba yangu alirejea kutoka katika sala pamoja nasi, akaketi, akala kikiwa cha moto. Sikumbuki karamu iliyokuwa na ladha kuliko ile.

Maswali ya kuzungumzwa katika duru:

a) Ni kitu gani katika karamu yako ambacho, lau kuwa hapana atakayekiona, usingekifanya?

b) Ni nani nyumbani mwako ambaye Idi iliyopita hakuisali, na kwa ajili ya nini?

c) Ni upi mpaka baina ya ukarimu na israfu, kwa mujibu wa aya ya 67 ya Suratul Furqan?

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu, azipe wepesi nyumba zetu, na atuepushe na kufanya amali kwa ajili ya macho ya watu. Wabillahi taufiki.