Lori Likilia Asubuhi, Tafuta Sababu



Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya Njombe haina mchezo. Asubuhi umande umeganda juu ya majani. Watu wameuzunguka moto. Ndipo utasikia lori la viazi linawashwa: "Kwiiii!" Linalia kama nguruwe aliyekamatwa. Baada ya muda mfupi linanyamaza. Dereva anasema, "Ni baridi tu. Likipata joto litatulia."

Je, ni baridi tu? Hilo ndilo somo letu la leo.

HABARI YA LORI LA KIKUNDI

Katika kijiji kimoja nilichofundisha, wakulima walichanga fedha wakanunua lori kuukuu. Kila asubuhi lori lile lililia. Siku moja nilimkuta mweka hazina wa kikundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu."

"Mbona lori linalia hivyo?"

"Aa, limezoea hilo. Juzi utingo aliupaka mkanda sabuni, likanyamaza siku mbili. Leo limeanza tena."

Tukacheka. Mimi nami nilicheka, wala sikuuliza zaidi.

Wiki ile ile lori lilipakia viazi. Likiwa katikati ya mlima, mkanda ukakatika. Taa nyekundu ikawaka, lakini dereva alitaka afike juu kwanza. Maji yakachemka, gasketi ikaungua. Viazi vilikaa njiani siku tatu. Magunia ya chini yakaanza kuoza. Fedha zilizowekwa kwa ajili ya mbolea zikaenda kwa fundi. Kumbe mkanda mpya ungenunuliwa kwa bei ya viazi vichache tu!

MKANDA UNAFANYA KAZI GANI?

Mbele ya injini kuna magurudumu madogo yanayoitwa puli. Puli moja huzungushwa na injini yenyewe. Mkanda wa mpira hupita katika puli hiyo na kuzizungusha puli nyingine. Watu huuita mkanda wa feni. Katika malori mengi mkanda huo huzungusha:

- pampu ya maji na feni, ili injini isichemke;
- oltaneta, ili betri ipate umeme.

Tena, katika baadhi ya malori madogo ya dizeli, oltaneta imebeba pampu nyingine mgongoni. Pampu hiyo huvuta hewa na kusaidia breki. Mkanda ukikatika, utakanyaga breki mara chache tu, kisha pedali itakuwa ngumu. Hebu fikiri jambo hilo litokee katika mteremko wa Kitonga, lori likiwa limejaa viazi vya kwenda Dar es Salaam!

KWA NINI LINALIA ASUBUHI?

Sababu ni tatu, nazo hukutana saa ile ile.

Ya kwanza ni umeme. Injini ikiwa baridi huwaka kwa shida, na stata hula umeme mwingi wa betri. Injini ikishawaka, oltaneta hurudisha umeme ule kwa nguvu. Wakati huo puli yake huwa nzito kuzunguka. Mkanda uliolegea hauwezi kuishika, basi unateleza na kulia. Ni kama kuvuta ndoo nzito kisimani. Usipoishika kamba sawasawa, itakuponyoka mikononi.

Ya pili ni baridi yenyewe. Mpira ukipoa huwa mgumu, na haushiki vizuri.

Ya tatu ni umande. Mkanda wenye maji huteleza.

Baadaye betri hupata nguvu, mkanda ukapata joto na kukauka. Kelele inakwisha. Lakini ulegevu bado upo pale pale. Kunyamaza si kupona.

NAMNA YA KUCHUNGUZA

Chunguza kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi. Toa ufunguo uweke mfukoni mwako. Kaza breki ya mkono na weka jiwe kwenye gurudumu. Funga vizuri kanga, shuka au mikono mirefu ya shati.

1. Bonyeza. Tafuta sehemu ndefu ya mkanda, kati ya puli mbili. Bonyeza katikati kwa dole gumba. Kwa mikanda mingi ya malori madogo, ukizama kama sentimita 1 hadi 1 na nusu, ni sawa. Ukizama sana, umelegea. Kipimo chenyewe kimeandikwa katika kitabu cha gari.

2. Tazama upande wa ndani. Je, una nyufa? Una nyuzi zinazochomoza? Unang'aa kama kioo? Mkanda wa namna hiyo umechoka, hata ukiukaza utateleza. Mkanda mwembamba chini na mpana juu hushika kwa ubavu wake. Ukiona umeshuka mpaka unagusa chini ya mfereji wa puli, umekwisha.

3. Gusa na kunusa. Ukiwa na oili au dizeli, tafuta kwanza panapovuja. Ukifunga mkanda mpya bila kuziba, nao utaharibika.

4. Tazama puli. Nyoosha kamba kutoka puli hadi puli. Zote ziwe katika mstari mmoja. Puli iliyokaa upande huula mkanda na kuufanya ulie.

5. Pima beringi. Fundi akishalegeza mkanda, azungushe kila puli kwa mkono. Puli nzima huzunguka laini. Ikikwaruza au ikicheza huku na huku, beringi imekufa. Maji yakidondoka chini ya pampu ya maji, pampu nayo imechoka.

6. Sikiliza. Sasa washa injini. Mmoja akae kwenye usukani, wengine wasimame mbali na mkanda. Awashe taa kubwa. Kelele ikizidi, mkanda unateleza kwenye oltaneta. Kelele ikiendelea hata injini ikiwa moto, shuku beringi, na umwite fundi asafari haijaanza.

Angalia pia jambo moja. Kelele ikisikika wakati ufunguo unawasha tu, injini ikiwa bado haijawaka, usiulaumu mkanda. Hapo fundi atazame stata.

DAWA NI IPI?

Mkanda mzima uliolegea hukazwa. Zima injini. Fundi hulegeza bolti za oltaneta, huisukuma nje kwa mti, kisha hukaza bolti. Baadaye hupima tena kwa dole gumba. Asikaze kupita kiasi! Mkanda uliokazwa mno huua beringi za oltaneta na za pampu ya maji.

Mkanda uliochoka hubadilishwa. Kama ni miwili inayokwenda pamoja, badilisha yote miwili. Mkanda mpya hunyooka kidogo, kwa hiyo upimwe tena baada ya siku ya kwanza ya kazi.

Usipake sabuni, grisi wala oili. Vitu hivyo huondoa kelele kwa muda, lakini huzidisha utelezi, na oili huozesha mpira. Ni sawa na kumziba mdomo mtoto anayelia njaa. Atanyamaza, lakini hajala.

Na mkanda ukikatika njiani, taa nyekundu ikawaka, simama mara moja mahali salama na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta maji yakiwa ya moto. Yataruka na kukuunguza uso.

KUSOMA KWAKO KUNASAIDIA

Mgongoni mwa mkanda kuna herufi na namba. Zinakili kwenye karatasi kabla hazijafutika, ndipo uende dukani. Muuzaji akikupa mkanda, soma mwenyewe na ulinganishe. Usikubali kuambiwa "huu utaingia tu."

Pia kila lori la kikundi liwe na daftari. Andika hivi:

Jumatatu: Limelia asubuhi. Mkanda umelegea, umekazwa.
Jumanne: Halikulia. Mkanda umepimwa tena, ni sawa.
Alhamisi: Limelia tena. Mkanda unang'aa. Ununuliwe mpya kabla ya safari.

Kikundi chetu kina daftari la namna hiyo siku hizi. Yule mzee mweka hazina ndiye anayeliandika. Lori likilia, hakuna anayecheka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kelele hukoma injini ikipata joto, na kosa bado lipo?
2. Mkanda ukikatika, ni vitu gani vinaacha kufanya kazi?
3. Kuna hatari gani ya kukaza mkanda kupita kiasi?
4. Katika kijiji chenu, nani anakagua gari au mashine kabla ya kuwashwa? Je, anaandika anachokiona?